Gari-nyumba la Dizeli Linapochemsha Mlimani: Kusafisha na Kutengeneza Mfumo wa Kupoza Injini

Gari-nyumba la dizeli ambalo injini yake imewekwa nyuma lina tabia yake katika suala la joto. Kwenye tambarare mshale wa joto hutulia mahali pake siku nzima, lakini gari likianza kupanda mlima mrefu, likiwa limejaza matangi ya maji na kubeba kila kitu cha nyumbani, mshale nao hupanda polepole mpaka dereva anaanza kutafuta mahali pa kuegesha. Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua pampu mpya ya maji, au themostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji ya injini yapite kwenye rejeta), au hata rejeta nzima. Kazi hizi nimekuwa nikizifanya mwenyewe, na nina msimamo ambao sitauacha kirahisi: katika magari ya aina hii, cha kuchunguza kwanza ni uchafu wa nje, kisha kulanti, yaani kimiminika cha kupozea kinachozunguka ndani, na vipuri vifuate baada ya vipimo kuonyesha kwamba vimechoka.

Sababu iko katika mpangilio wenyewe wa gari. Lori la kawaida lina rejeta mbele, nayo hupigwa na upepo kila gari linapokwenda. Gari-nyumba lenye injini nyuma halina msaada huo. Rejeta yake hukaa nyuma kabisa au ubavuni, na hewa yote inayohitajika lazima ivutwe na feni, mara nyingi kutoka chini ya gari ambako magurudumu yanatimua vumbi, majani makavu na maji machafu ya barabarani. Hapo hapo injini ya dizeli ina bomba la kupumulia, ambalo hutoa mvuke wenye chembechembe za oili kutoka sehemu ya chini ya injini. Bomba hilo likiishia mbele ya feni, oili hutandazwa kwenye mapezi ya rejeta, yaani vibati vyembamba vinavyopitiwa na hewa, na vumbi likija hukuta mahali pa kunata.

Jambo linalowapotosha wenye magari ni kwamba uchafu huo hauonekani kutoka nje. Katika magari mengi yenye rejeta ya nyuma, feni iko upande wa injini na husukuma hewa kuelekea nje. Hewa hukutana kwanza na kipoza-hewa cha turbo, yaani kile chombo cha alumini kinachopunguza joto la hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye silinda, na ndipo ipite kwenye rejeta na kutokea nyuma ya gari. Mwenye gari akifungua mlango wa nyuma anaona mapezi masafi, anaridhika, anafunga. Kumbe alichokiona ni upande wa kutokea hewa. Upande wa kuingilia unaonekana tu kwa kufungua kifuniko cha injini kilicho ndani, ambacho aghalabu kipo chini ya kitanda, au kwa kulala chini ya gari ukiwa na tochi. Nilipomulika pale kwenye gari langu, sehemu ya chini ya kipoza-hewa ilikuwa imefunikwa na tabaka jeusi lililoshikana kama blanketi kuukuu, na nilipolichokonoa kwa kijiti lilibanduka vipande vipande, kila kipande kikiwa na alama za mapezi upande wa nyuma. Sehemu ya juu ilikuwa wazi. Ndiyo maana gari lilikuwa halichemshi kwenye tambarare: nusu ya juu ilitosha kwa kazi nyepesi, ikashindwa kwa kazi nzito.

Gari lenye rejeta ya ubavuni ni tofauti, kwa kuwa feni yake huvuta hewa kutoka nje kuingia ndani, na uchafu hukaa upande ule ule unaouona ukifungua mlango wa pembeni. Kusafisha kwake ni kazi nyepesi zaidi, wala sitakaa sana hapo.

Kabla ya kuosha, injini iwe imepoa kabisa na betri za kuwashia zikatwe, kwa sababu feni zinazoendeshwa kwa umeme au kwa oili ya haidroliki hazina huruma na mkono. Alteneta, sehemu ya kuingilia hewa ya injini na viunganishi vya nyaya vilivyo karibu hufunikwa kwa mifuko ya plastiki. Dawa ya kuyeyusha grisi iwe ile inayokubaliwa kwa alumini. Sabuni kali zenye magadi makali hula alumini, na mapezi ya kipoza-hewa ni membamba mno kuhimili jaribio hilo. Dawa hupulizwa upande wenye uchafu mpaka ipenye ndani, huachwa kwa muda ilainishe oili, ila isiachwe ikauka. Baada ya hapo maji hupitishwa kwa mpira wa kawaida, kwanza kutoka upande msafi kwenda upande mchafu ili takataka zirudi njia zilizojia, kisha kutoka upande mchafu. Mashine ya kuoshea yenye presha kubwa naikataa hapa, kwani inalaza mapezi kwa sekunde moja na pezi lililolala halipitishi hewa, na pia inaweza kusukuma uchafu ukakwama katikati ya kipoza-hewa na rejeta, mahali ambapo hakuna burashi inayofika. Nafasi hiyo ya katikati ndiyo ngumu kuliko zote. Nimeona inasaidia kutumia bomba jembamba lenye mdomo uliopindwa, linaloteremshwa kutoka juu kati ya vyombo viwili, huku maji yakitoka kidogo kidogo.

Utajua kazi imekwisha pale maji yanayotoka chini yanapokuwa meupe, na mwanga wa tochi iliyowekwa upande mmoja unapoonekana sawasawa upande wa pili, juu, katikati na kwenye kona za chini. Penye giza rudia. Mapezi yaliyolala hunyooshwa kwa kitana maalumu au kwa koleo lenye mdomo mwembamba, taratibu, safu kwa safu.

Usafi huo hautadumu kama bomba la kupumulia halijashughulikiwa. Njia ya kawaida ni kulirefusha kwa mpira unaostahimili oili na joto, lipite chini ya rejeta na kutokea nyuma yake, ili mvuke usivutwe tena na feni. Upana wa mpira usipungue ule wa bomba la asili, na mteremko wake uwe wa kushuka njia yote pasipo kona ya kutuamisha maji. Bomba la kupumulia likizibwa, au maji yaliyotuama ndani yake yakiganda kwenye baridi kali, presha hujaa chini ya injini na kuanza kusukuma sili za oili. Pia kagua kama kuna uvujaji wa oili mbele ya feni, kwa kuwa tone linalodondoka kila siku kwenye njia ya hewa hufanya kazi ile ile ya kunasa vumbi.

Nje pakishakuwa safi, ndipo tunaingia ndani. Kulanti si maji ya rangi tu. Katika mchanganyiko wa kawaida, nusu ni maji na nusu ni glaikoli, kimiminika cha kuzuia kuganda, yenye dawa za kuzuia kutu. Mchanganyiko huo wa nusu kwa nusu wa ethilini glaikoli hauanzi kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri za Selsiasi, na huchemka kwenye joto la juu kuliko maji matupu. Baadhi ya watu hudhani kwamba glaikoli ikizidi ni bora zaidi. La hasha: maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, kwa hiyo ikizidi sana upozaji hupungua, na hata kinga dhidi ya kuganda hushuka, maana ethilini glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri.

Injini nyingi kubwa za dizeli zina slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazoguswa moja kwa moja na kulanti. Pistoni inapobadili upande ndani ya slivu, ukuta wa slivu hutetemeka kwa kasi kubwa, na mtetemeko huo hutengeneza viputo vidogo vya mvuke kwenye upande wa maji. Viputo hivyo vikipasuka hupiga chuma kwa nguvu, na mahali panapopigwa mfululizo hutokea vishimo ambavyo mwishowe hutoboa slivu na kuingiza kulanti ndani ya injini. Dawa iliyotumika kwa miaka mingi kuzuia hali hiyo ni nitriti, ambayo hufanya utando mwembamba juu ya chuma. Utando ndio unaoliwa na kujirudishia, na chuma kinabaki salama. Nitriti hiyo hupungua kadiri gari linavyotumika, kwa hiyo hupimwa kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi, kisha huongezwa kwa kipimo. Kuiongeza kwa kubahatisha ni hatari pia, kwani dawa ikizidi hujitenga, ikawa ute au chembe zinazoziba mirija na kukwaruza sili ya pampu. Zipo kulanti za kisasa ambazo kinga yake haitegemei nitriti. Hizo zina vipimo vyake na viongezeo vyake, na kitabu cha injini ndicho kinachosema ni ipi inayokubaliwa. Rangi haisemi lolote la kutegemewa, kwa sababu kila mtengenezaji hutia rangi anayoitaka, na kuchanganya aina mbili kwa kufuata rangi kunaweza kuharibu dawa za zote mbili.

Hali ya kulanti ya zamani hukueleza aina ya usafishaji unaotakiwa. Ikitoka angavu, bila harufu kali na bila chembe, kuosha kwa maji matupu kunatosha. Ikitoka na tope la kahawia, kuna kutu, na hapo hutumika dawa ya kusafishia yenye asidi nyepesi, kama ya sitriki, ile iliyotengenezwa kwa injini. Ikiwa na utelezi wa mafuta juu yake au imekuwa nzito yenye rangi ya maziwa, usafishaji usubiri. Kwanza itafutwe njia ambayo oili imeingilia, iwe ni gasketi ya silinda hedi, kipoza-oili cha injini au kipoza-oili cha giaboksi. Mafuta hutolewa kwa sabuni maalumu isiyotoa povu, na ndipo dawa ya kutu ifuate ikihitajika, kwa kuwa asidi haifiki kwenye kutu iliyofunikwa na mafuta.

Kulanti humwagwa injini ikiwa baridi, na mfuniko usifunguliwe kamwe gari likiwa la moto. Fungua koki ya rejeta na pia plagi ya injini yenyewe, la sivyo sehemu kubwa itabaki ndani. Gari-nyumba lina jambo jingine ambalo lori halina: mabomba marefu yanayopeleka maji ya moto kutoka injini ya nyuma hadi hita ya dereva mbele kabisa, na pengine mengine yanayopita kwenye tangi la maji ya kuogea ili yapashwe joto gari likiwa safarini. Vali zote za hita zifunguliwe kabisa wakati wa kuosha, ili mabomba hayo nayo yapitiwe. Jaza maji, endesha injini mpaka themostati ifunguke na mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto, iache ipoe, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Maji ya mwisho yawe yale yaliyokenekwa, kwa kuwa chumvichumvi za maji ya bomba hujenga magaga kwenye kuta za moto, na sehemu ya maji hayo itabaki ndani utake usitake.

Kwa sababu hiyo hiyo ya maji kubaki ndani, sipendi kujaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa baada ya kuosha. Mfumo unaochukua lita 60 unahitaji lita 30 za glaikoli. Basi lita hizo 30 zisizochanganywa zitangulie, kisha maji yaliyokenekwa yamalizie nafasi iliyobaki, na uwiano hukamilika wenyewe. Ujazo ulioandikwa kwenye kitabu cha injini aghalabu hauhesabu rejeta wala mabomba ya hita, hivyo utafute ujazo wa gari zima. Baada ya kuendesha na kuchanganyika, pima kwa kipimo cha macho kinachotumia tone moja la kulanti.

Kulanti ya zamani ikusanywe yote kwenye vyombo vyenye mifuniko na kupelekwa kunakopokelewa taka za aina hiyo. Ethilini glaikoli ina ladha tamu, na kiasi kidogo kilichoachwa kwenye beseni kinaweza kumuua mbwa au paka, na ni sumu kwa mtoto vilevile. Hili nalisisitiza hasa kwa sisi tunaofanya kazi nje, mahali tunapoegesha na familia.

Sasa vipuri. Mfuniko wa rejeta ni kipuri kidogo kinachodharauliwa, ilhali ndio unaoshikilia presha. Maji matupu chini ya mfuniko wa pauni 15 kwa inchi ya mraba huchemka kwenye nyuzi 121 hivi badala ya 100, na kinga hiyo ndiyo inayohitajika zaidi milimani, ambako kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi 1 kila mita 300 za mwinuko. Tazama mpira wake: ukiwa na mkunjo wa kudumu, ufa au ugumu, badilisha. Mfuniko una vali ya pili inayorudisha kulanti kutoka tangi la akiba injini inapopoa. Mpira wa rejeta ukikutwa umenywea asubuhi, vali hiyo ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Mipira yenyewe huanza kuharibika kwa ndani. Nje inaweza kung'aa, kumbe karibu na klipu kuna nyufa ndefu zinazofuata urefu wa mpira. Ibonyeze ikiwa baridi, kwa dole gumba na kidole cha shahada, kwanza katikati na kisha sentimita chache kutoka kwenye klipu. Tofauti ya ulaini kati ya sehemu hizo mbili, au mlio wa kukwaruza ndani, inatosha kuuondoa. Kwa mipira ya silikoni tumia klipu ambazo ukanda wake wa ndani hauna matundu, kwani klipu za kawaida huikata. Usisahau mipira ya hita iliyo katikati ya gari, inapopita juu ya fremu na kusuguana na vyuma.

Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya mhimili wake. Mabaki meupe au ya kijani yaliyokauka hapo ni dalili ya sili kuanza kupitisha, na tone linaloendelea kuanguka ni hukumu. Ukishika puli na kuitikisa, isicheze. Themostati hupimwa kwenye sufuria ya maji, ikining'inizwa bila kugusa chini, pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka karibu na namba iliyochongwa juu yake, nayo ifunguke wazi kabisa maji yakiendelea kupanda joto. Wapo wanaoing'oa na kuendesha bila themostati wakidhani wamepunguza joto. Katika injini nyingi za dizeli themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupozwa. Mlimani hali huwa mbaya zaidi, na kwenye baridi injini haifikii joto lake la kazi.

Rejeta yenyewe hupimwa kwa kipimajoto cha miale injini ikiwa ya moto. Joto lishuke kwa mpangilio kutoka upande wa kuingilia hadi wa kutokea. Eneo la baridi katikati ya eneo la moto maana yake mirija ya hapo imeziba. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa matangi yake, mirija ikazibuliwa na kulehemiwa upya na fundi wa rejeta; ile ya alumini yenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno, kwa kawaida hubadilishwa. Unga wa kuziba matundu siutii katika mfumo wangu, maana hauchagui: unaoziba tundu ndio unaoziba mirija myembamba ya hita. Kwa uvujaji usioonekana, pampu ya mkono ya kupimia presha huungwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa baridi na kujazwa mpaka kiwango cha mfuniko, si zaidi. Mshale ukishuka na hakuna tone popote nje, huenda kulanti inaingia ndani ya injini, na gari halipaswi kuwashwa mpaka ijulikane imekwenda wapi.

Kwa magari ambayo feni yake huzungushwa na mota ya haidroliki, angalia pia kama inafikia kasi yake kamili injini ikipata joto. Kihisi cha joto au kidhibiti chake kikifa, feni hubaki ikizunguka polepole, na mapezi yawe masafi namna gani, gari litachemsha. Mipira ya haidroliki isifunguliwe wala kupapaswa injini ikiwa inaunguruma, kwa kuwa oili yenye presha hiyo hupenya ngozi.

Kazi ya mwisho ni kutoa hewa. Mabomba marefu yanayokwenda mbele hupanda na kushuka, na hewa hukaa kwenye vilele vyake. Jaza polepole, vali za hita zikiwa wazi, na fungua skrubu za kutolea hewa moja moja mpaka kulanti itoke bila viputo. Kama kuna uwezo wa kupata kifaa kinachonyonya hewa yote kwanza na kuiacha kulanti ijivute yenyewe ndani, kazi huwa fupi na ya uhakika. Endesha injini mpaka themostati ifunguke, shika bomba la hita ya mbele uone kama joto limefika, iache ipoe, ongeza. Kiwango kitashuka tena baada ya safari ya kwanza, na klipu za mipira mipya zitahitaji kukazwa kidogo. Kwenye mlima wa kwanza teremsha gia mapema ili injini izunguke kwa kasi, kwani pampu huizungusha kulanti kwa kufuata mzunguko wa injini, na vivyo hivyo feni ya mkanda. Andika joto ulilolisoma kileleni pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo, ili msimu ujao uwe na namba ya kulinganisha nayo.